Faili Thelathini na Saba

Mwalimu wa Historia alikuwa mtu wa kuogopwa, si mtu wa kuogopa. Darasa lililokuwa likichemka kama chungu lilitulia mara tu liliposikia viatu vyake kwenye korido. Wanafunzi walimpa jina la Karne, kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kutaja karne fulani, na jina likamganda hata walimu wenzake wakawa wanamwita hivyo mbele yake. Alilipokea kama mtu anavyozipokea mvi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na nusu ya miaka hiyo ilikuwa imekwishia mbele ya ubao. Daftari la kufundishia hakuwa nalo. Tarehe zote alikuwa nazo kichwani.

Muhula wa pili ulipoanza, mwalimu wa kompyuta alipata kazi kwingine. Ijumaa aliaga, Jumatatu hayupo. Mkuu wa shule alishinda akizunguka na ufunguo wa chumba cha kompyuta kama mtu aliyeshika kaa la moto, anatafuta wa kumpokea, mpaka akaufikisha kwenye meza ya Karne. Alimwambia ni kwa muda tu. Alimwambia pia kwamba nusu ya silabasi ni istilahi na historia ya kompyuta, na kwenye historia nani angemshinda yeye? Karne alitaka kukataa. Lakini mtu aliyejijengea jina la kujua kila kitu huona haya kusema hiki sikijui. Akanyoosha mkono akaupokea ufunguo.

Kwa kweli alikuwa akiiogopa kompyuta, na hofu hiyo hakuwa amemwambia mtu. Barua zake zote alichapiwa na karani wa shule. Zamani kidogo, siku moja tu, alikaa mwenyewe kwenye kiti cha karani, akagusa kitufe asichokijua, ukurasa mzima ukapotea. Karani alicheka mbele ya watu wanne. Tangu siku hiyo, kila alipokaribia kibodi vidole vyake viligeuka kuwa vya mtu mwingine.

Wiki za kwanza historia ilimwokoa. Aliwasimulia wanafunzi jinsi watu walivyohesabu kwa kokoto, kisha kwa shanga zilizotungwa kwenye vijiti. Akawasimulia mtambo wa kufumia nguo uliokuwa ukisoma kadi ngumu zilizotobolewa, tundu likiwepo uzi unapanda, lisipokuwepo uzi unabaki chini. Akafika kwenye mashine za magurudumu ya shaba, na zile zilizojaa taa za kioo, kubwa kama nyumba, zikitoa joto kama tanuri na kuungua taa kila siku, hadi kikapatikana kitu kidogo kuliko punje ya mchele kilichofanya kazi ya taa nzima, na baadaye maelfu kwa maelfu ya vitu hivyo vikakaa kwenye kipande kisichozidi ukucha. Wanafunzi walisikiliza bila kupepesa. Hata waliokuwa wakisinzia kwenye somo la Historia yenyewe walikuwa macho.

Alikwenda pia kwa shangazi yake, mdogo wa marehemu baba yake, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye katika ujana wake alikuwa mtoboa kadi kwenye ofisi iliyoshughulikia matokeo ya mitihani. Wasichana kumi na wawili chumba kimoja, kila mmoja na mashine inayofanana na taipureta, kila ukibonyeza kitufe kadi inatobolewa. Tundu na nafasi yake ndiyo herufi, ndiyo namba. Kadi zikijaa boksi zinapelekwa chumba cha pili, kwenye kompyuta kubwa kuliko lori, inazila moja baada ya nyingine. Shangazi alisimulia akicheka, na alimpa Karne kadi mbili za zamani akawaonyeshe watoto.

Kisha zikaja istilahi. Karne alizipanga kwa namna yake. Maunzi ni kile unachoweza kukigusa, programu ni maagizo yanayoyaambia maunzi yafanye nini. Kichakataji ndicho kinachofanya hesabu. Kumbukumbu ya muda ni kama meza ya kazi: umeme ukikatika, kila kilichokuwa juu yake kimefagiliwa. Diski kuu ni kabati: unachokiweka humo kinabaki hata mashine ikizimwa. Aliandika ubaoni kwamba kilichoko mezani hakijahifadhiwa, akawaambia wakariri. Hakuwaambia, maana yeye mwenyewe hakulijua hilo, kwamba hata kabati huungua.

Mwalimu aliyeondoka alikuwa amebandika karatasi ya nusu ukurasa kando ya kompyuta ya mwalimu. Agizo la tatu lilisema: kila Ijumaa nakili folda ya kazi za watahiniwa kwenye flashi iliyomo kwenye droo. Ijumaa yake ya kwanza Karne aliitoa ile flashi, akaishika kiganjani. Akakumbuka karani alivyowahi kusema kwamba flashi ndizo zinazobeba virusi kutoka mashine hadi mashine, kama inzi. Aliiona kabisa: anaichomeka, kompyuta inaugua, karani anaitwa, karani anacheka. Akairudisha kwenye droo, akafunga. Ijumaa ya pili hakuitoa. Baada ya hapo hata kuiwaza aliacha.

Watahiniwa walikuwa thelathini na saba. Kila mmoja alitakiwa kuandaa kazi yake kwenye kompyuta kwa miezi kadhaa, na kazi hiyo ilibeba alama arobaini katika mia za mtihani wa mwisho. Kwa kuwa kompyuta nyingine zilikuwa zikishirikiwa na madarasa yote, kazi zilihifadhiwa kwenye ile ya mwalimu peke yake. Faili thelathini na saba, folda moja, mashine moja.

Siku balaa lilipotokea ilikuwa Jumanne, mara baada ya kipindi cha tatu, siku kumi kabla ya kazi kupelekwa Baraza la Mitihani. Wanafunzi walikuwa wametoka. Karne alikuwa akifuta ubao aliposikia sauti nyuma yake: ka, ka, ka. Alidhani ni mtu anagonga mlango kwa ukucha. Hapakuwa na mtu. Sauti ilitoka chini ya meza yake, ndani ya lile boksi la kompyuta, na ilikuwa na mpango wake: inagonga mara tatu, inapumzika, inagonga mara tatu. Kwenye kioo mshale ulikuwa umesimama. Alisogeza kipanya, mshale haukusogea. Halafu kioo kikageuka buluu chote na kujaa maandishi meupe asiyoyaelewa hata neno.

Alifanya alilolijua: akabonyeza kitufe cha kuzima, akahesabu hadi ishirini, akawasha. Ka, ka, ka. Kioo cheusi, na mstari mmoja uliosema hakuna diski iliyoonekana. Akazima. Akawasha. Akazima tena, akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika kwenye karatasi kwamba chumba kimefungwa kwa matengenezo ya umeme.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulitoka kirahisi mno.

Jumatano alikuja shuleni kabla ya mlinzi hajafungua geti dogo. Aliingia chumbani, akajifungia, akawasha. Ka, ka, ka. Alijaribu kuisukuma ile mashine kidogo, alijaribu kuilaza ubavu. Alijaribu kuisemesha, jambo ambalo angelikana mbele ya hakimu. Saa nne alijaribu tena, na saa saba, na baada ya masomo. Kati ya majaribio hayo alifundisha vipindi vyake vya Historia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosea karne. Darasa likatazamana. Sauti ile ilikuwa imemwingia: aliisikia kwenye kalamu iliyogongwa dawatini, kwenye visigino vya mwalimu wa Jiografia, kwenye tone la bomba la jikoni kwake.

Alhamisi kiranja wa darasa alimfuata ofisini. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, asiyependa kuzungusha maneno. Kazi yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake wote: alikuwa ametengeneza orodha ya vitabu vyote vya maktaba ya shule, vitabu mia sita na kumi na nane, kila kimoja na mwandishi wake, mwaka wake, somo lake na rafu yake, ili mtu akiandika neno moja tu kompyuta imwonyeshe kitabu kilipo. Miezi mitatu alikuwa akipekua rafu na kuchapa. Aliuliza matengenezo yatakamilika lini, maana alibakiza rafu moja. Karne alimjibu kwamba fundi anakuja Jumatatu. Msichana alimshukuru. Alipogeuka kuondoka, Karne aligundua kwamba ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alilijua neno hilo tangu utotoni, na siku hiyo halikumtoka kichwani. Jioni hiyohiyo, jua bado halijashuka, aliifunga ile kompyuta ndani ya khanga mbili, akaiweka kwenye kiti cha nyuma cha teksi na kwenda mtaa wa mafundi wa kompyuta na simu.

Fundi aliyeelekezwa kwake alikuwa mzee kidogo, aliyeanza na redio kabla kompyuta hazijazagaa, na watu walimwita Polepole. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mtu aliyenyoosha mikono. Ukuta mzima ulikuwa umejaa mashine zilizofumuliwa, nyaya zikining'inia. Hakumsalimia kwa maneno mengi. Aliifungua ile mashine, akaitoa diski, kiboksi cha chuma kisichozidi kitabu kidogo cha sala, akaiweka sikioni bila kuiwasha, akaitikisa taratibu.

"Tangu ianze kugonga umeiwasha mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja," alisema Karne.

Polepole aliiweka diski mezani. Akamtazama juu ya miwani.

"Mama, mgonjwa akimdanganya daktari, anayekufa si daktari."

Karne alihisi uso ukimwaka. Akasema mara kumi na moja. Pengine kumi na mbili.

Fundi hakumgombeza, na ingekuwa nafuu angemgombeza. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba ndani ya kile kiboksi kuna visahani vinavyozunguka, na mkono mwembamba unaopita juu yake bila kuvigusa, umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Mkono huo ukichoka hupoteza njia, unarudi mwanzo, unagonga, unajaribu tena. Ukizidi kuulazimisha unaweza kushuka na kukwaruza kisahani, na penye mkwaruzo hapasomeki tena. Kila mara alipoiwasha alikuwa akimega kipande. Inawezekana bado kuna cha kuokoa, inawezekana hakuna. Atajaribu mara moja tu, kwa utaratibu wake, na hataki mtu amsimamie. Aje Jumamosi.

Ijumaa yote Karne aliishi roho mkononi. Mkuu wa shule alimsimamisha kwenye ngazi na kumkumbusha kwamba Baraza limeshatuma orodha ya watahiniwa watano ambao kazi zao zitakaguliwa zote kwa ukamilifu, na kwamba za wengine Baraza huchukua alama anazozijaza mwalimu. Akamkabidhi orodha hiyo, akamwuliza kama kila kitu kiko sawa. Karne alisema kiko sawa. Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Jumamosi asubuhi alifika kibandani kabla ya Polepole mwenyewe. Fundi alipokuja alifungua kufuli, akavuta stuli, akamwambia kwanza akae, naye Karne akajua. Zilipatikana faili thelathini na moja, tayari zimeshanakiliwa mara mbili, kwenye flashi mbili tofauti. Sita hazikupatikana. Diski ilikufa ikiwa katikati ya ile ya sita kutoka mwisho. Haitawaka tena, hata kwa mganga.

Karne alisoma majina ya faili zilizookolewa akifuata kwa kidole, mara ya kwanza, mara ya pili. Ya kiranja haikuwemo. Halafu akaitoa mkobani ile orodha ya Baraza. Watano wote waliotajwa kukaguliwa walikuwa miongoni mwa waliookolewa. Wote.

Ndipo hofu ilipobadilika sura. Mpaka hapo alikuwa akiiogopa mashine. Pale kwenye stuli alianza kujiogopa mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameshaona njia, na njia ilikuwa nyeupe. Kazi za wale sita alizijua. Aliziona zikikua wiki baada ya wiki. Angewajazia alama za haki, nzuri tu, za kiranja hata angeziongeza kidogo. Baraza lisingeomba faili zao. Wanafunzi wasingejua. Mkuu asingejua. Polepole angejua, lakini Polepole hata shule yake hakumwuliza.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa shangazi yake, bila kujua anakwenda kutafuta nini.

Shangazi alikuwa uani akianua nguo. Karne alimpa shikamoo, naye aliitikia huku akimtazama kama mtu anayesoma barua. Alimwambia amekonda. Wakaingia ndani, wakakaa, na Karne akamwaga yote: flashi kwenye droo, karatasi ya umeme, mara kumi na moja, faili sita, orodha ya watano. Alipofika kwenye alama za kujaza aliongea haraka, kana kwamba ni jambo la kupita njia tu. Alimaliza kwa kusema kwamba hakuna atakayeumia.

Shangazi alikunja shuka moja mpaka likawa dogo kama leso. Kisha alisema kwamba kuna kitu kuhusu zile kadi hakukisimulia.

Ofisini kwao kila mtahiniwa alikuwa na kadi mbili. Ya kwanza ilibeba namba na jina, ya pili ilibeba alama tu, na ili kuokoa muda ya pili haikuwekwa namba, ilitambulika kwa kufuata ya kwanza. Kwa hiyo mpangilio ulikuwa ndiyo kila kitu. Siku moja, akiwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa amebeba boksi kupeleka chumba cha mashine. Akajikwaa kwenye waya. Kadi zikamwagika sakafuni, mamia. Msimamizi wao alikuwa mkali, wiki iliyotangulia alimfukuza msichana kazi kwa kuchelewa. Hapakuwa na mtu koridoni. Alipiga magoti, akazikusanya, na kwa kuwa nyingi zilianguka kwa mafungu hazikuwa zimevurugika sana. Nyingine alizikumbuka. Zikabaki kadi tatu za alama ambazo hakujua ni za nani, na majina matatu yasiyo na alama. Karatasi halisi zilikuwepo, zimefungiwa kabatini kwa msimamizi. Ilikuwa ni kumwendea na kuomba tu.

"Sikuomba," alisema Shangazi. "Nilibahatisha. Nikazichomeka, nikapeleka, mashine ikasoma. Mashine haikukosea, mwanangu. Ilikula nilichoilisha."

Karne alimwuliza kama alibahatisha sawasawa.

"Sijui. Hilo ndilo lenyewe. Miaka hamsini sijui."

Alisema kwamba majina yale matatu angeweza kuyataja hata akiamshwa usingizini. Mara moja, kwenye foleni ya hospitali, alimsikia mtu mzima akimsimulia mwenzake kwamba mtihani ule alikuwa na uhakika nao na bado hajui alifeli vipi. Hakuwa mmoja wa wale watatu, alisikia akiitwa jina tofauti. Hata hivyo alitoka kwenye foleni, akarudi nyumbani na homa yake. Mumewe alifariki bila kuambiwa. Watoto hawajui. Alikuwa akilisema kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hakumwambia Karne afanye nini. Alinyanyuka akaenda kuweka maji ya chai jikoni, akakaa huko kwa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Jumatatu Karne aligonga mlango wa mkuu wa shule. Alikuwa ameyapanga maneno, yakatoka shaghalabaghala. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. Karne alisubiri ngurumo. Mkuu alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi akaketi karibu zaidi. Akamwambia kwa upole kwamba watano wa ukaguzi wapo, basi Mungu mkubwa. Hao sita awape alama zinazowastahili, kwani nani asiyejua kwamba yeye ni mtu wa haki? Barua ikienda Baraza shule nzima itaingia kwenye daftari jeusi, na yeye mkuu amebakiza miaka miwili astaafu.

Karne hakulitarajia hilo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, si kwa mlango uliofunguliwa. Na jambo la kutisha ni jinsi mwili wake wote ulivyotaka kuingia humo. Alihisi mabega yakilegea. Alisikia ulimi ukijiandaa kusema sawa.

"Siwezi, Mkuu," alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Huwezi au hutaki?"

"Nataka sana. Ndiyo maana siwezi."

Mkuu alivaa tena miwani. Upole ulikuwa umemtoka. Alisema basi aandike, lakini aweke jina lake mwenyewe chini, si la shule, na akiulizwa yeye atasema alijulishwa baada ya barua kwenda. Karne alitoka. Barua hakumpelekea karani. Alikwenda chumba cha kompyuta, akakaa mbele ya mojawapo ya zile mashine za wanafunzi, akaichapa mwenyewe kwa kidole kimoja kimoja. Mistari kumi na minne ilimchukua saa nzima na ushei. Alihifadhi baada ya kila mstari.

Kisha akawaita wale sita.

Waliketi mstari wa mbele. Aliwaambia kama ilivyokuwa, na uongo wa umeme akautaja kwa jina lake. Mmoja alianza kulia kimyakimya. Wawili waliuliza itakuwaje. Kiranja aliuangalia ule uwazi chini ya meza ya mwalimu, mahali mashine ilipokuwa, akauliza jambo moja tu: agizo la kunakili kwenye flashi lilikuwepo siku zote? Karne alisema lilikuwepo. Msichana akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika kitu moyoni, akaomba ruhusa ya kwenda darasani.

Baraza lilijibu kwa simu siku ya pili. Ofisa aliyepiga hakuwa mkali wala mpole. Wale sita walipewa hadi Jumatatu iliyofuata warudie kazi zao chini ya uangalizi wa mtu kutoka Baraza, na hakuna mwenzao kuwasaidia hata kuchapa herufi moja. Mwalimu ataandikiwa barua yake mbali.

Siku hizo tano za kazi Karne alizikaa chumbani humo kutoka asubuhi hadi geti kufungwa. Alikatazwa kugusa, akakaa kwenye kona, kila mashine ilipotoa mlio wowote akishtuka. Watano walikuwa na kazi ndogondogo, na vichwa vya vijana havisahau upesi: walimaliza, wawili kati yao vizuri kuliko mwanzo. Kiranja alikuwa akienda rafuni, anarudi na vitabu hadi kidevuni, anachapa, anavirudisha. Hakumtazama Karne hata mara moja. Kila alipofikisha vitabu ishirini alinyoosha mkono kwa ofisa wa Baraza kuomba flashi, ananakili, anamrudishia. Jumatatu saa kumi, muda ulipotimia, alikuwa amefika kitabu cha mia tatu na tisini na sita.

Matokeo yalipotoka wote thelathini na saba walifaulu somo hilo. Kiranja alipata daraja la pili. Kila mtu shuleni alijua lilikuwa liwe la kwanza, na mwalimu wa Hesabu alilisema hilo kwenye chumba cha walimu kwa sauti iliyokusudiwa kufika mbali. Barua ya onyo kali iliingia kwenye jalada la Karne. Mkuu wa shule akawa anamsalimia kwa kichwa tu. Ufunguo hakuuchukua, kwa sababu hakuwa na wa kumpa mwingine.

Msichana alikuja kuchukua cheti siku ya mvua. Walikutana kwenye korido, wala hapakuwa na pa kupishana. Karne alisema yale aliyokuwa ameyabeba kwa miezi: kwamba anamwomba radhi, na kwamba kama kuna chuo kitakachouliza kuhusu lile daraja, ataandika barua ya kueleza kosa lilikuwa la nani.

"Iandike, Mwalimu," alisema msichana. "Nitaihitaji." Akakitazama cheti chake. "Lakini bado nina hasira na wewe."

"Najua, mwanangu."

Msichana alikunja cheti akakiingiza ndani ya koti kisilowe, akaingia mvuani bila kukimbia. Karne alisimama mpaka msichana alipotoka getini. Halafu akaenda chumba cha kompyuta, akafungua, akawasha ile mashine ya kwanza kando ya dirisha, akaanza kuchapa barua. Alipomaliza mstari wa kwanza akauhifadhi, akafungua droo, akaitoa ile flashi.